Homa baada ya chanjo: ipi ya kungojea nyumbani, ipi ya kumkimbiza mtoto hospitali

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wazazi, miongoni mwa masuala yanayotufikia kutoka Pemba, moja hurudi mara kwa mara. Mtoto amepelekwa kituo cha afya asubuhi akiwa mzima, amechanjwa, na usiku mwili wake unawaka moto. Mama anauliza: je, hii ni chanjo au ni maradhi? Baba anauliza: je, mwezi ujao tumrejeshe tena?

Familia zetu hukosea hapa kwa pande mbili. Wapo wanaoiogopa homa ndogo ya siku moja, wakaiweka kadi kabatini na mtoto asirudi tena kituoni. Na wapo, ambao hatari yao ni kubwa zaidi, wanaoiita kila homa "homa ya chanjo". Hukaa na mtoto siku tatu au nne nyumbani, kumbe ana kichomi, malaria au homa ya uti wa mgongo. Wa kwanza humkosesha mtoto kinga. Wa pili huenda wakampoteza mtoto mwenyewe.

Makala hii inawapa wazazi kipimo cha kutenganisha mambo hayo. Kipimo kina sehemu mbili: muda na dalili. Mambo ya tiba yaliyomo humu ndiyo yanayofundishwa na madaktari na wahudumu wa afya; Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuwauliza wenye ujuzi katika yale tusiyoyajua, na sisi tumeongeza hukumu za kisheria pale zinapohitajika.

Kwa nini mwili unapata joto

Chanjo huuonesha mwili sehemu ya kijidudu, au kijidudu kilichouliwa au kudhoofishwa, ili mwili ujifunze kupigana nacho kabla hakijaja chenyewe. Katika kujifunza huko mwili hutoa joto, na mahali palipopigwa sindano huvimba na kuuma. Hiyo ni kazi ya kinga, na kwa kawaida huisha wenyewe kwa siku chache. Mtoto asiyepata homa naye hajakosa kinga, miili haifanani.

Kila chanjo na dalili zake

Mzazi akijua mtoto amepewa nini, atajua atarajie nini na lini. Kadi ya mtoto ina majibu hayo.

*Chanjo ya kifua kikuu (BCG), anayopewa mtoto anapozaliwa.* Baada ya wiki mbili hadi nne hutokea kijipele begani. Huvimba, hupasuka na kutoa usaha kidogo, kisha hupona taratibu kwa wiki kadhaa na kuacha kovu dogo. Usikikamue, usikipake mkaa, majani wala dawa ya meno, na usikifunge kitambaa. Kioshe kwa maji safi tu. Mpeleke mtoto kituoni ikiwa kidonda kinazidi kuwa kikubwa, kimekuwa jipu, au tezi zimevimba kwapani.

*Matone ya polio.* Kwa watoto walio wengi sana hayaleti dalili yoyote. Yapo madhara adimu mno ya kupooza kiungo, yanayokadiriwa kutokea mara moja katika dozi zaidi ya milioni mbili. Kwa hiyo mtoto yeyote ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, awe amepata matone karibuni au la.

*Chanjo ya pamoja ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na homa ya uti wa mgongo, wiki ya 6, ya 10 na ya 14.* Hii ndiyo inayoleta maswali mengi. Homa, uvimbe wa paja na kulialia huanza siku ile ile au ya pili yake, na kwa kawaida huisha ndani ya siku mbili. Kinundu kigumu pajani kinaweza kubaki wiki kadhaa bila ya kudhuru. Chanjo ya kichomi inayotolewa pamoja nayo huleta dalili kama hizo hizo.

*Chanjo ya matone ya kuharisha (rota), wiki ya 6 na ya 10.* Mtoto anaweza kulegea tumbo au kutapika kidogo. Jambo la kuliangalia katika wiki ya mwanzo ni utumbo kujisokota: mtoto hulia kwa vipindi huku akikunja miguu tumboni, hutapika mfululizo, na choo huwa na damu. Hilo ni la hospitali bila ya kusubiri. Utafiti uliofanywa katika nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2018, haukuona ongezeko la tatizo hilo kwa chanjo hii. Lakini watoto hulipata hata bila ya chanjo, na dalili zake ni zile zile.

*Chanjo ya surua na rubella, mwezi wa 9 na wa 18.* Homa yake haiji siku ile. Huja baina ya siku ya 5 na ya 12, na baadhi ya watoto hutokwa na vipele vidogo vinavyodumu siku mbili hivi. Wazazi wengi hushangaa kwa sababu wameshaisahau sindano. Vipele hivyo si surua ya kuambukiza wenziwe.

*Chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi (HPV).* Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mkono huuma, na baadhi ya wasichana huzirai kwa woga wa sindano. Akizirai mmoja katika foleni ya skuli, wengine nao huweza kufuatia kwa hofu. Dawa yake ni kuchanjwa wakiwa wamekaa, na kubaki wamekaa kwa dakika 15.

*Chanjo za wanaokwenda Hijja na Umra.* Chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo Saudi Arabia inataka iwe imetolewa angalau siku 10 kabla ya kufika, huleta maumivu ya mkono na homa ndogo ya siku moja au mbili. Chanjo ya homa ya manjano inaweza kuleta homa, maumivu ya kichwa na ya viungo ndani ya siku 10. Wazee wa miaka 60 na zaidi, na wenye mzio wa mayai, wazungumze na daktari kabla ya kupewa ya homa ya manjano, kwa sababu kwao tahadhari ni kubwa zaidi.

Namna ya kumhudumia mtoto nyumbani

Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mvalishe nguo nyepesi. Kumfunika mablanketi ili "atoke jasho" humzidishia joto. Paja lililovimba liwekee kitambaa kilichochovywa maji ya baridi, usilikande kwa nguvu wala kwa maji ya moto.

Akiwa na homa au maumivu mpe dawa ya paracetamol kwa kipimo cha uzito wake ulichoelezwa kituoni, na asipewe tena kabla ya kupita saa sita. Usimpe kabla ya kuchanjwa kwa ajili ya kuiwahi homa. Mtoto asipewe aspirini. Vidonge vya kuua vijidudu vilivyobaki kabatini navyo si dawa ya homa hii.

Mtoto aliye chini ya miezi miwili ana hukumu yake. Homa kwa mtoto mchanga kama huyo, hata ikiwa amechanjwa leo, aoneshwe mhudumu wa afya. Maradhi makali kwa mtoto wa umri huo hujificha.

Dalili zisizongojewa

Nusu saa ya mwanzo ibaki kituoni. Mshtuko mkali wa mzio ni nadra sana, takriban mara moja katika dozi milioni moja, lakini kwa kawaida huja ndani ya dakika chache. Dalili zake ni kuvimba uso na midomo, vipele vya kuwasha mwili mzima, kupumua kwa shida au kwa mlio, na kulegea au kuzimia. Sindano ya kuutibu huwekwa tayari mahali chanjo zinapotolewa. Anayeondoka mbio kuwahi gari huiacha dawa hiyo nyuma yake.

Baada ya kurudi nyumbani, mpeleke mtoto kituo cha afya au hospitali mara moja, usiku au mchana, ukiona lolote kati ya haya:

- hanyonyi au hanywi kabisa;
- anatapika kila anachopewa;
- ameshikwa na degedege;
- amelegea, haamki vyema, au hakutambui;
- anapumua kwa kasi, au mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi;
- analia mfululizo kwa zaidi ya saa tatu bila ya kubembelezeka;
- utosi umetuna, au shingo imekakamaa;
- damu katika choo;
- amekuwa mweupe au rangi ya buluu midomoni.

Kasi ya pumzi huhesabiwa kwa dakika moja kamili, mtoto akiwa ametulia. Kwa aliye chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka, 50 au zaidi. Kuanzia mwaka hadi miaka mitano, 40 au zaidi. Kila mama anaweza kuhesabu kwa saa ya simu yake.

Sasa tuje kwenye muda. Homa iliyozidi siku mbili, homa iliyoondoka kisha ikarudi, au homa iliyokuja siku ambazo chanjo ile haileti homa, isiitwe tena homa ya chanjo. Mtoto apelekwe akapimwe. Malaria imepungua sana visiwani kwetu, alhamdulillah, lakini haijaisha, na kipimo chake ni tone la damu tu. Uvimbe wa mahali pa sindano unaozidi kukua baada ya siku tatu, ukawa mwekundu na wa moto, nao uoneshwe. Huenda ni jipu.

Degedege

Hapa pana jambo la kusemwa wazi. Katika pwani yetu degedege limenasibishwa tangu zamani na mashetani na ndege wa usiku, na wapo wanaoamini kuwa mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa. Kwa imani hiyo mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga, akafukizwa, na hospitali ikawa ya mwisho.

Mtoto mdogo anaweza kukakamaa na kutetemeka kwa sababu ya homa yoyote iliyopanda kwa kasi, na homa ya chanjo ni mojawapo. Baada ya chanjo ya surua hutokea takriban mara moja katika dozi 3,000. Degedege la namna hiyo hukatika lenyewe baada ya dakika chache na haliachi kilema. Lakini mzazi hawezi kulitambua kwa macho na kulitenga na degedege la malaria kali au la homa ya uti wa mgongo, ambalo huua. Ndiyo maana kila degedege ni la hospitali.

Linapotokea, mlaze mtoto ubavu mahali salama, mlegezee nguo, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, usimnyweshe chochote. Kisha ondokeni naye.

Ama kumsomea Qur'ani, hilo ni jambo jema na lina asili katika Sunna. Msomeeni akiwa mikononi mwenu, msomeeni ndani ya gari. Lakini kisomo hakizuii safari, na kombe halinyweshwi mtoto aliyezimia, kwa sababu litampalia. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kuhusu matibabu aliwaamrisha wajitibu, na amefundisha pia kuwa anayejitia utabibu bila ya kuujua atabeba dhamana ya madhara aliyoyaleta. Wanaowazuilia watoto wa watu majumbani mwao wakati wa degedege walifikirie hilo.

Kilichofuata chanjo si lazima kiwe kimeletwa na chanjo

Watoto huchanjwa katika umri ambao maradhi ni mengi. Kuharisha, kikohozi na homa vingekuja wiki hiyo hata kama kadi ingekuwa tupu. Ili kujua kipi ni cha chanjo, wataalamu hulinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa.

Sisi tunao mfano wa nyumbani. Mwanzoni mwa mwaka 2009 ilitolewa chanjo ya kunywa ya kipindupindu Unguja na Pemba, na watu 23,921 walikamilisha dozi mbili. Wajawazito hawakukusudiwa kupewa, lakini ilikuja kubainika kuwa wanawake 196 waliinywa wakiwa na mimba, wengine bila ya kujijua. Mtu angeweza kuchukua mimba moja iliyoharibika miongoni mwao akaifanya ushahidi. Watafiti walifuatilia uzazi wa wanawake hao na wa wenzao 955 wa maeneo yale yale ambao hawakuinywa. Hawakuona tofauti ya maana katika mimba zao wala katika watoto waliozaliwa.

Funzo kwetu ni kuwa msiba wa jirani ni wa kuhuzunikiwa, lakini peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Na sauti inayosambazwa kwenye simu bila ya jina la mwenyewe ni habari tuliyoamrishwa kuihakikisha kabla ya kuifanyia kazi.

Hili halina maana ya kunyamaza. Mtoto akipatwa na jambo kubwa baada ya chanjo, mwambie mhudumu wa kituo kilekile, umpe kadi, siku na saa lilipoanza. Kuna fomu maalumu za kuripoti, na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ndio wenye jukumu la kufuatilia usalama wa dawa visiwani. Kutoa taarifa ya kweli ni amana. Huenda ikawakinga watoto wengine.

Ruhusa ya baba na safari ya usiku

Limekuja swali kutoka kwa mama ambao waume zao wako dago, wavuvi wa siku nyingi baharini na simu hazipatikani. Je, mke anaweza kumpeleka mtoto hospitali usiku bila ya ruhusa?

Jawabu: ndiyo. Mafakihi wametaja kuwa mke hutoka bila ya idhini inapokuwepo dharura, na kuokoa nafsi ni miongoni mwa dharura kubwa. Kuhifadhi uhai ni katika makusudio makuu ya sheria. Hana dhambi kwa kutoka. Dhambi inahofiwa kwa anayemzuia. Lililo bora kwa mume ni kutoa ruhusa hiyo mapema, mbele ya wazazi, kabla ya kuondoka, na kuacha fedha ya nauli.

Kwa wakaazi wa Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza kuna bahari katikati. Siku ya chanjo, kabla ya jua kuzama, nyumba ijue chombo cha nani kitavusha usiku, maji yatakuwa vipi, na gari ya nani itasubiri ng'ambo kuelekea Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee, Mkoani. Na kwa vile usiku una mashaka yake, mtoto aliyeanza kulegea alasiri asingojewe mpaka isha.

Masuala mafupi ya kisheria

*Je, chanjo inafunguza saumu?* Sindano ya msulini au chini ya ngozi haifunguzi. Hivyo ndivyo lilivyoamua Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha 10, Jeddah, mwaka 1997. Chanjo ya kunywa, kama ya kipindupindu, inafunguza. Mwenye kufunga aichukue usiku au ailipe siku hiyo. Aliyepata homa ya kumdhoofisha baada ya sindano ni mgonjwa, anaruhusiwa kula na kulipa baadaye.

*Je, kuchanja si kukosa tawakkul?* Hapana. Umar bin Khattab (R.A.) aliporudi njiani asiingie Sham penye tauni, aliulizwa kama anakimbia kadari. Alijibu kwa maana kwamba anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari Yake. Na Baraza hilo hilo, katika kikao cha 7 mwaka 1992, liliamua kuwa matibabu huwa ya wajibu pale kuyaacha kunapopelekea kifo, ulemavu, au madhara kuwafikia wengine.

*Mtoto alipata homa kali dozi ya kwanza. Tuache ya pili?* Homa peke yake si sababu ya kuacha. Ikiwa alipata mshtuko wa mzio, degedege, au kuzimia, msiamue wenyewe upande wowote; mwelezeni daktari kabla ya dozi inayofuata, naye ndiye atakayesema.

Wazazi, baada ya kila chanjo ulizeni mambo matatu kabla ya kutoka kituoni: amepewa nini, tutarajie nini na kwa siku ngapi, na tarehe ya kurudi ni lini. Kisha kadi iwekwe mahali anapopajua kila mtu mzima ndani ya nyumba, siyo mama peke yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu afya na umri wenye kheri, awaponye wagonjwa wetu, na awalipe mema wanaowahudumia.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.